Filimbi inaanzia miguuni

Kwa miezi minne ya kwanza ya kujifunza uamuzi wa mpira sikuruhusiwa kushika filimbi. Nilipewa kibendera tu, kitambaa cha rangi ya machungwa kilichoshonewa kwenye kipande cha mpini wa fagio, nikaonyeshwa mstari wa chokaa uliokwisha kufutika nusu pale kiwanja cha Funu, huku kwetu Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mzee aliyenifundisha, ambaye mtaa mzima ulimwita Papa Arbitre, yaani Baba Mwamuzi, hata baada ya goti kumlazimisha kuacha kazi, aliniambia maneno machache: "Tafuta mtu wa pili kutoka mwisho, na kipa umhesabu. Akitembea, tembea naye. Akikimbia, kimbia naye. Akisimama kufunga kamba za kiatu, simama." Kisha akaenda kukaa kwenye jiwe upande wa pili, akakunja mikono, asiseme neno lingine mpaka mapumziko.

Nilikuwa na miaka 23. Nilikuwa nimecheza winga ya kulia katika timu ya wasichana mpaka kifundo cha mguu kilipokataa, na nilijiona naujua mpira. Haikupita hata dakika 20 nikagundua kwamba miaka yote ile macho yangu yalifuata mpira ulipo. Mshika kibendera akifuata mpira kwa macho, amepotea. Mpira unapigwa kule katikati, na wewe macho yako yanatakiwa yawe kwenye mstari wa mabeki huku, muda uleule. Sasa utajuaje umepigwa saa ngapi? Mzee alinifundisha kusikiliza. Kwenye udongo uliokauka mguu ukigonga mpira unasikika "pu", na ile "pu" ndiyo inayopiga picha. Mshambuliaji alikuwa wapi ile sauti ilipotoka? Pale alipofika baadaye, akiwa na mpira mguuni na watu wote wakipiga kelele, hapana kazi. Wiki mbili nzima nilikuwa nikirudi nyumbani masikio yakiwa yamechoka kuliko miguu, jambo ambalo mama yangu hakulielewa kabisa.

Naandika haya kwa sababu vijana wananisimamisha njiani, wengi wao wasichana, wakiuliza mtu anaanzaje kuwa mwamuzi. Wanauliza juu ya jezi, kadi na beji. Nawajibu, lakini jibu langu la kweli ni refu, na barabarani halitoshi.

Baada ya kibendera ndipo yakaja mafunzo yenyewe. Tulikuwa watu 11 katika darasa la shule tuliloazimwa saa za jioni, wasichana wawili tu. Kitabu kilikuwa fotokopi ya Kifaransa, kurasa zake zimepauka hadi baadhi ya mistari ulipaswa kuikisia. Sheria za mpira ni 17, hazifiki 18, na mtu akizisoma bila haraka anazimaliza kwa siku mbili. Zinalindwa na baraza liitwalo IFAB, lililoundwa mwaka 1886, lenye kura nane: nne za FIFA na nne za vyama vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, na sheria haibadiliki mpaka zipatikane kura sita. Nilipenda sana kujua hilo. Kabla ya hapo nilidhani sheria za mpira ni kama mvua, zinashuka tu. Kumbe kuna watu wanakaa mezani wanabishana, wanapiga kura, na kila mwaka kuna kitu kinabadilika. Ukae na neno hilo, kwa maana baadaye lilinigharimu.

Mwalimu wetu alifundisha kuotea, ambako huku kila mtu anakuita hors-jeu, kwa vifuniko vya chupa za Primus juu ya dawati. Vya upande huu vimegeuzwa, vya upande ule vimelala, punje ya mahindi ndiyo mpira. Anasukuma punje, anauliza: "Huyu?" Tunajibu kwa pamoja, tunakosa. Alisogeza tena. "Na kama mpira umerushwa kwa mikono?" Hapo hakuna kuotea. Kona? Hakuna. Mpira unaoanzishwa golini? Hakuna. Tulirudia mpaka hata usiku, nikila, nikawa napanga maharage kwenye ukingo wa sahani. Mambo mengine ya kitabuni yalipita haraka: goli lina upana wa mita 7,32 na kimo cha mita 2,44, penalti ni mita 11, ukuta unasimama mita 9,15 kutoka kwenye mpira. Kwenye viwanja vyetu hutapima kwa futi kamba, utapima kwa hatua zako. Basi jifunze hatua yako ina urefu gani. Yangu ni ndefu kidogo ninapokuwa na hasira, kwa hiyo ukuta nauhesabu nikiwa nimetulia.

Filimbi ya kwanza niliinunua sokoni Kadutu, ya chuma, yenye punje ndani. Nilipangiwa mechi ya vijana chini ya miaka 13, mvua ikaanza dakika ya tano, ile mvua ya Bukavu inayoshuka kutoka mlimani kama mtu amefungua mlango. Beki akamkwatua mtoto ndani ya boksi, mbele yangu, wazi kabisa. Nikapuliza. Ikatoka hewa tu. Punje ilikuwa imelowa na kunata, na mchezo ukaendelea, mtoto analia chini, wenzake wananitazama. Nikapiga kelele kwa mdomo wangu "simama!" kama mtu anayemwita motari, dereva wa pikipiki. Penalti ilipigwa, ilifungwa, yakaisha. Ila uso wa yule mtoto aliyekuwa chini, akisubiri sauti kutoka kwangu asiisikie, ninao mpaka leo.

Baadaye nilijua kwamba mwenzetu mmoja yalimkuta hayohayo mbele ya watu wengi zaidi. Ron Foxcroft, Mkanada aliyekuwa mwamuzi wa mpira wa kikapu, filimbi ilimgomea akiwa kazini kwa sababu ya punje. Akaenda kutafuta mtu wa kumsaidia kutengeneza isiyo na punje, na mwaka 1987 ikaingia sokoni kwa jina la Fox 40. Ninayo moja sasa, ilikuja na mtu kutoka Bujumbura, na nyingine ya akiba mfukoni. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu cha kuanzia, nunua filimbi isiyo na punje. Jezi utaazimwa. Viatu unavyo. Filimbi usiazime, na sababu zake unazielewa mwenyewe.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Ilikuwa Julai 2019, mechi yangu ya tatu nikiwa mwamuzi wa kati. Vijana chini ya miaka 15, njano dhidi ya kijani, bila bao mpaka dakika ya 60 hivi. Beki wa njano akapiga pasi ya chini kwenda kwa kiungo wake. Mimi nilikuwa njiani. Mpira ukanigonga shavu la mguu wa kushoto, ukabadilisha mwelekeo, ukaenda moja kwa moja miguuni mwa mshambuliaji wa kijani ambaye hakuwa na mtu mbele yake ila kipa. Akafunga. Nikaonyesha katikati: bao.

Kwa kitabu chetu cha fotokopi, nilikuwa sahihi. Kitabu kilisema mwamuzi ni sehemu ya uwanja, mpira ukimgonga ni kama umegonga mwamba, mchezo unaendelea. Lakini kocha wa njano, kijana mpole mwenye simu iliyopasuka kioo, akaja mbio hadi kwenye mstari, akaniita yaya, yaani dada: "Ile si bao, yaya. Sheria ilishabadilika!" Nikamwambia arudi. Akarudia. Akasema ameisoma kwenye simu, kwamba sasa mpira ukimgonga mwamuzi na timu nyingine ikaupata, unasimamishwa na kudondoshwa. Watoto wake walikuwa wamenizunguka, mmoja analia kwa kwikwi. Nikaona mamlaka yangu yanapukutika mbele ya macho ya watu, nami nikafanya alichofanya kila mwenye mamlaka aliyeogopa: nikamfukuza kocha. Nilimfukuza kwa maneno na kidole, kwa sababu kitabu kilisema kocha haonyeshwi kadi.

Mechi ikaisha 1 kwa 0.

Jioni nilikwenda kwa Papa Arbitre kumweleza, nikitegemea anisifu kwa kusimama imara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwita mjukuu wake mwenye simu. Tulisoma pamoja, polepole, Kifaransa kikitafsiriwa kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Tangu tarehe 1 Juni mwaka uleule sheria ilikuwa imebadilika. Sheria ya mwaka ule ilisema mpira ukimgusa mwamuzi kisha ukaingia golini moja kwa moja, au timu iliyokuwa haina mpira ikaupata, au shambulizi la hatari likaanza, mchezo unasimama na mpira unadondoshwa kwa mchezaji mmoja wa timu iliyougusa mwisho, wengine wote wakae mita 4. Beki wa njano ndiye aliyeugusa mwisho. Ulikuwa mpira wao. Na chini kidogo, katika mabadiliko yaleyale: viongozi wa benchi nao sasa wanaonyeshwa kadi. Yule kocha hakuwa amekosa chochote cha kufukuzwa. Alikuwa amejua sheria kunizidi, na alikuwa ameniambia kwa heshima.

Nikaanza kulia. Mzee akaniacha nilie. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mpira ulikugonga kwa nini?" Nikasema bahati mbaya. Akasema hapana. Akachukua vijiti viwili akachora kiwanja kwenye vumbi la uani, akanionyesha njia ya mwamuzi wa kati, ile inayokata uwanja kutoka kona hii mpaka kona ile, ambayo Mwingereza Stanley Rous aliieneza na bado inafundishwa leo. Ukiifuata, mchezo unakaa kati yako na mshika kibendera wako, na jicho lako moja na lake moja yanaona pande mbili za kitu kilekile. Mimi nilikuwa wapi? Nilimwonyesha. Katikati kabisa, kwenye njia ya pasi, nimesimama, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nikaona mchezo utanijia wenyewe.

"Sheria usingeihitaji," akasema, "kama miguu yako ingefanya kazi yake."

Kesho yake nilipanda hadi nyumbani kwa yule kocha. Mama yake akanikaribisha, akaniletea kiti, akanipa chai. Nikamwambia kocha mbele ya mama yake kwamba bao halikuwa halali, na kwamba kumfukuza lilikuwa kosa langu mimi. Ripoti nilikuwa nimeshaiandika upya na kueleza yote yalivyotokea. Matokeo hayakubadilishwa. Kocha alinyamaza kwa muda, akasema vijana wake walikuwa wameacha kula jioni ile. Hakusema nimekusamehe, na sikumwomba aseme. Lakini mwaka uliofuata aliniona kiwanjani nikipasha misuli, akaja kunipa mkono kabla ya mechi.

Tangu siku ile nina desturi mbili. Kila mwaka, mabadiliko ya sheria yakitangazwa, nayaandika kwa Kiswahili changu kwenye daftari, na kabla ya mechi nawaita makapteni wawili na makocha, nawasomea lililo jipya. Dakika mbili tu. Na nakimbia.

Kuhusu kukimbia nina mengi ya kusema, maana hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Mwamuzi wa kati katika mechi ya wakubwa anakwenda kilomita 10 na zaidi, nyingine kwa kasi, nyingine kwa kurudi nyuma, nyingine kwa ubavu. Kipimo cha kimataifa kwa mwanamke mwamuzi wa kati ni kukimbia mita 75 ndani ya sekunde 17, kutembea mita 25 ndani ya sekunde 20, na kurudia hivyo mara 40 bila kukaa, baada ya kwanza kupita mbio fupi sita za mita 40. Ukijumlisha ile ya mara 40 ni kilomita 4. Ukisoma hivi unaona ni jambo dogo. Ukifika mzunguko wa 25 unaanza kuona sekunde 20 za kutembea zinakuwa 12.

Mji wetu haujawahi kumhurumia mkimbiaji. Tuko kwenye mwinuko wa mita karibu 1 500, na ardhi tambarare hapa ni mali. Mwenye nayo ameijengea. Mimi hukimbia alfajiri, kabla mama wa sokoni hawajajaza njia. Nashuka mpaka naona ziwa, napanda tena kuelekea Kadutu kwa ngazi na vichochoro. Mwanzoni watoto walikuwa wananifuata wakidhani nimeibiwa. Kupanda kunakupa mapafu, lakini hakukupi kasi, kwa hiyo mara mbili kwa wiki nilikuwa naomba nafasi kiwanjani saa kumi na mbili asubuhi, naweka chupa za maji mita 75, mdogo wangu ananihesabia kwa simu. Alikuwa na miaka 10 wakati ule. Alinihesabia kwa haki isiyo na huruma, sekunde moja ikizidi ananirudisha mwanzo.

Kwa nini yote haya? Kwa sababu watu wa Bukavu wanaweza kuvumilia kosa la mwamuzi aliye karibu. Nimeliona hili mara nyingi sana hata siwezi kulitilia shaka. Ukitoa penalti ukiwa mita 8 kutoka kwenye tukio, watapiga kelele, watatulia. Ukiitoa ileile, ya haki kabisa, ukiwa katikati ya kiwanja umeshika kiuno, hutamaliza mechi salama. Hawahukumu filimbi. Wanatazama umeifuata vipi.

Na mimi walikuwa na jambo la ziada la kunihukumia. "Mama, rudi upike bugali!" nimelisikia kwa sauti za wazee, za vijana, na mara moja kwa sauti ya mwanamke mwenzangu aliyekuwa anauza karanga pembeni, ndilo lililoniumiza kuliko yote. Papa Arbitre alinikataza kujibu. Alisema mtu aliye nje ya mstari hana sheria ya kumhusu mpaka aingie ndani. Nimelifuata, ingawa kuna siku nimeuma ulimi kweli.

Halafu ikaja Januari 2022. Tarehe 18, kule Yaoundé, Zimbabwe dhidi ya Guinea, Kombe la Afrika la wanaume, na katikati ya uwanja amesimama Salima Mukansanga. Hajawahi mwanamke kusimama pale kabla yake. Wasaidizi wake wawili wa pembeni nao wanawake, mmoja wa Kameruni, mmoja wa Moroko. Kwa Afrika nzima ilikuwa habari kubwa. Kwetu ilikuwa habari ya jirani. Mukansanga ni Mnyarwanda, mzaliwa wa Rusizi, pale ng'ambo ya mto, vilima unavyoviona kutoka Bukavu bila hata kunyanyua shingo, taa zake tunaziona usiku. Tulikuwa tumejazana kwenye duka lenye televisheni, wanaume wengi, na nilijua wangesema nini. Dakika za kwanza walisema. Kufika mapumziko walikuwa wanabishana juu ya mabeki wa Guinea. Nilitamani kusimama nipige vigelegele kwa ajili ya ule ukimya. Zimbabwe ilishinda 2 kwa 1, na mwisho wa mwaka uleule Mukansanga akawa miongoni mwa waamuzi wa kati watatu wanawake walioitwa Kombe la Dunia la wanaume kule Qatar, mara ya kwanza katika historia, pamoja na Stéphanie Frappart wa Ufaransa na Yoshimi Yamashita wa Japani.

Wiki moja baada ya ile mechi ya Yaoundé nilikuwa na mechi yangu. Yule mama wa karanga alikuwa palepale. Nilipopita karibu naye nikikimbilia kona akasema, si kwa kelele, "Kaza, Salima." Siitwi Salima. Niliitikia.

Turudi kwenye kadi, maana vijana wanazipenda. Mimi kila nikipita Feu rouge, yaani taa za barabarani, pale Ibanda, namkumbuka Mwingereza Ken Aston. Alikuwa mkuu wa waamuzi katika Kombe la Dunia la 1966 huko Uingereza. Katika robo fainali ya Uingereza na Argentina, mwamuzi Mjerumani alimtoa Antonio Rattín, na Rattín akagoma kutoka. Mjerumani hajui Kihispania, Rattín hajui Kijerumani, vurugu tupu. Aston akirudi nyumbani kwa gari akasimamishwa na taa za barabarani London, njano kisha nyekundu, na hapo ndipo wazo likamjia. Kadi zikatumika mara ya kwanza Kombe la Dunia la Mexico 1970, na mashindano yale yote yakaisha bila mchezaji kuonyeshwa nyekundu. Nawaambia vijana hilo la mwisho kwa mkazo. Kadi ilizaliwa ili watu waelewane pale lugha iliposhindwa. Katika mji kama wetu, ambako kwenye timu moja unaweza kukuta anayewaza kwa Mashi, kwa Kirega, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, naona ni uvumbuzi wa adabu kubwa.

Mambo mengine madogo ya kazi niyapitishe hapa. Njano weka mfuko wa kifuani, nyekundu mfuko wa nyuma wa kaptula, ili mkono usikosee wakati kichwa kimepata moto. Ripoti iandike kabla hujaoga, ukiwa bado na viatu: namba za jezi, dakika, maneno yenyewe yaliyosemwa, hata yakiwa machafu. Ukilala nayo, kesho utaandika uliyoyawaza badala ya uliyoyaona. Malipo ni kidogo. Mara nyingi yanaishia kwa motari na sabuni ya kufulia jezi, na usianze kazi hii kama unategemea ikulishe. Na usinywe Fanta ya mtu kabla ya mechi. Kuna kiongozi wa timu moja aliwahi kuniletea chupa mbili na "nauli" ndani ya bahasha, mchana wa mechi, akinitabasamia kama mjomba. Nilimrudishia vyote mbele ya mwenzake ili wawe mashahidi wawili. Siku ile nilipuliza mechi nikiwa na kiu. Tangu hapo nabeba maji yangu kutoka nyumbani.

Februari 2025 vita vilipoingia mjini, kiwanja chetu kilinyamaza. Sitaandika mengi juu ya majira yale. Niliacha kukimbia alfajiri kwa sababu mtu anayekimbia alfajiri wakati ule angeeleweka vibaya. Nilifua jezi, nikaikunja, nikaiweka chini ya vitenge. Papa Arbitre alikuwa bado hai, goti lake likawa baya zaidi, nilikuwa nakwenda kumsomea daftari langu la sheria ili sote wawili tusisahau. Ndipo tulipofika kwenye mabadiliko ya kuanzia Julai: kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Zamani zilikuwa sekunde sita na adhabu yake mpira wa adhabu usiopigwa moja kwa moja golini, sheria ambayo waamuzi wengi tulikuwa tunaiacha ipite. Sasa mwamuzi ananyanyua mkono na kuhesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, kila mtu aone. Mzee akacheka kwa furaha, akanyanyua mkono wake mwenyewe kitandani, akahesabu vidole vikishuka kimoja kimoja.

Watoto ndio waliorudi kiwanjani kwanza, kama kawaida yao. Walinijia mlangoni, sita, mmoja amebeba mpira uliotobolewa na kuzibwa, wakasema wanataka mechi "ya kweli, yenye arbitre". Nikatoa jezi chini ya vitenge. Kiwanja kilikuwa kimeota majani pembeni, mistari haipo kabisa, tukapiga mistari kwa majivu. Mdogo wangu, ambaye sasa ana kimo kunizidi, alichukua kibendera. Niliwaita makapteni wawili, mmoja alikuwa pekupeku, nikawasomea lililo jipya. Wakaitikia kwa vichwa kama watu wazima.

Dakika ya 30 hivi kipa mdogo akadaka krosi, akaukumbatia mpira kifuani, akaanza kuangalia huku na huku. Alikuwa anaongoza 2 kwa 1 na alikuwa amekwisha kuwaona wakubwa wakipoteza muda. Nilihesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, nikanyanyua mkono, vidole vitano. Kwenye mteremko juu ya kiwanja walikuwa wamekaa watu labda hamsini. Mtu mmoja akaelewa. "Tano!" Kidole kikashuka. "Ine!" sasa walikuwa kumi. "Tatu!" Mteremko mzima. Kipa akageuka kunitazama, macho yamemtoka, hajui afanye nini na mikono yake. "Mbili!"

Akapiga. Mpira ukapaa juu ya vichwa vyote, ukavuka majivu ya katikati, ukaanza kushuka kule upande wa pili, karibu na mdogo wangu na kibendera chake. Nilikuwa nimekwisha kuondoka.